Ufunguo Anao Mzee: Ushauri kwa Anayekwenda Kuzuru Historia ya Hombolo

Ukifika Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam unalipa kiingilio, unapewa tiketi na unaingia. Historia ya kijijini haina utaratibu huo. Wanaoitunza hawalipwi mshahara. Ni mwalimu mstaafu aliyepanga vibuyu na mikuki kwenye chumba cha stoo, katekista aliyehifadhi madaftari ya ubatizo, bibi anayejua kila ukoo ulichota maji kisima gani. Ufunguo anao mzee mmoja, na asubuhi mzee huyo yuko shambani. Mgeni asiyejua hilo hufika, hukuta mlango umefungwa, hupiga picha ya ukuta na kurudi mjini akisema kule hakuna kitu.

Kitu kipo, ila hakujua namna ya kukiendea. Makala haya ni ya mwalimu anayetaka kuwatoa wanafunzi darasani, ya mzazi mwenye asili ya Ugogo anayelea watoto Dar es Salaam au Mwanza, na ya yeyote anayetaka kuzuru historia inayotunzwa kwa kujitolea. Mfano wangu ni Hombolo, kilomita 40 hivi kaskazini mashariki mwa jiji la Dodoma, mahali penye bwawa, mashamba ya zabibu na watu wanaokumbuka mengi. Rai yangu ni moja: anayetunza historia bila malipo hulipwa na mgeni aliyejiandaa, anayesikiliza kwa makini, na anayeacha kumbukumbu nyuma yake.

Jifunze kwa waliotangulia

Bujora, jirani na Kisesa mkoani Mwanza, ni shule nzuri. Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianza kazi ya kukusanya utamaduni wa Wasukuma miaka ya 1950 akiwa pamoja na wazee wa huko. Waliunda kamati ya utafiti, wakakaa vikao, wakajadili ngoma, koo, majina na mambo ya utemi, na wakaandika. Leo mgeni huenda Bujora kuona ngoma za watemi na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Lakini bila maelezo ya wale wazee, ngoma zile zingebaki magogo yaliyowambwa ngozi.

Kenya nako, katika miaka ya 1990, Sultan Somjee wa Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo aliwahamasisha watu wa jamii mbalimbali waanzishe makumbusho madogo ya amani. Walikusanya vitu ambavyo wazee walivitumia kupatanisha watu: fimbo, mikanda, vibuyu, hata matawi ya miti inayoheshimiwa. Uganda wanaoendesha makumbusho ya jamii wamekwenda mbele zaidi, wakaunda umoja wao ili wasaidiane.

Kote huko jambo ni lile lile. Kitu kikiwa peke yake hakisemi. Husema pale mwenyewe anapokieleza. Kwa hiyo ukienda kijijini, jiandae kukutana na mtu kwanza, vitu baadaye.

Kabla hujaondoka nyumbani

Tafuta kitabu cha Mathias Mnyampala, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotoka mwaka 1954. Mnyampala, malenga mkubwa wa ngonjera aliyefariki mwaka 1969, alikuwa mwana wa Ugogo na aliijua nchi anayoiandika. Ulizia kitabu hicho kwenye maktaba za mikoa na za vyuo. Ukikisoma mapema, mzee atakapotaja ukoo au mtemi fulani utakuwa na pa kushikia.

Kama unaishi Dar es Salaam, anzia Kijiji cha Makumbusho, pale kwenye Barabara ya Bagamoyo. Miongoni mwa nyumba za makabila zilizojengwa pale ipo tembe ya Wagogo. Usiipite haraka. Mlango ni mfupi, lazima uiname. Kuta ni za miti iliyokandikwa udongo. Inua macho utazame dari: magogo yamelazwa, juu yake fito, kisha nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa hadi paa likawa tambarare. Ni nyumba ya nchi yenye upepo mwingi na mvua chache. Juu ya paa ulianikwa mtama, na katika ua uliozungukwa na vyumba walilala ng'ombe. Kila mwaka kabla ya mvua lazima paa liongezwe udongo pale palipomomonyoka. Ukiondoka hapo umeshapata maswali matatu ya kumuuliza mzee wa Hombolo: udongo wa paa mliutoa wapi, nani alipanda kulitengeneza, na tembe ya mwisho ya ukoo wenu ilibomolewa lini?

Kisha andaa karatasi ya miaka. Watu wazima wengi wa vijijini hawapangi maisha yao kwa tarehe. Huyapanga kwa matukio. Kazi yako ni kuyajua matukio hayo ili ukokotoe miaka. Kwa Ugogo anza na haya. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Vita Kuu ya Kwanza ilidumu 1914 hadi 1918, na ndani yake ikazuka njaa iliyoitwa Mtunya, ya 1917 hadi 1920: majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, ukame ukafuata, na maelfu wakafa. Mradi wa karanga wa Kongwa ulianza 1947 na kufa 1951. Bwawa la Hombolo lilijengwa 1957. Uhuru ni 1961. Operesheni Dodoma, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ni 1971. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni 1973, na Vita ya Kagera ni 1978 hadi 1979.

Karatasi hiyo itakusaidia kuliko kamera. Mzee akikwambia kwamba wakati bwawa linajengwa yeye alikuwa anachunga mbuzi, basi alikuwa na umri wa kati ya miaka 6 na 12, yaani amezaliwa kati ya 1945 na 1951. Bibi akisema mama yake aliokota mizizi ya porini wakati wa Mtunya, unajua unasikia habari za kizazi cha karne iliyopita kwa mdomo wa pili. Viandike hivyo hivyo: aliyeona kwa macho yake upande mmoja, aliyesimuliwa upande mwingine.

Chagua majira na siku

Mvua za Dodoma huanza Desemba na kwisha Aprili. Miezi hiyo usiende bila sababu kubwa: barabara za vumbi hugeuka matope, na watu wote wako mashambani. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Septemba, watu wana nafasi. Chukua sweta, maana asubuhi za Juni na Julai upepo wa Dodoma ni baridi, na chukua kofia kwa jua la mchana. Epuka Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, na uliza siku ya mnada ili usimkoseshe mwenyeji wako biashara yake. Ukipenda kuona zabibu zikivunwa, misimu ya Dodoma ni miwili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Agosti inakupa vyote viwili, mavuno na njia kavu.

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu wa Dar es Salaam anafika ndani ya saa chache. Kutoka mjini Dodoma unashika barabara ya Morogoro hadi Ihumwa, kisha unakunja kwenda Hombolo. Kama unaweza, panga kulala. Siku ya kwanza iwe ya salamu na ya pili ya mazungumzo. Mazungumzo ya maana hayaanzi saa ileile mlipojuana.

Piga simu mapema, lakini usipige kwa mtu mmoja. Tafuta namba mbili: ya mwenye ufunguo na ya mtu wa kijiji anayejua mwenye ufunguo yuko wapi. Mtunzaji wa kujitolea anaweza kuwa msibani, kliniki au shambani, na hana wa kumshikia zamu.

Anzia ofisini, kisha nenda kwa mwenyeji

Fika kwanza ofisi ya kata au ya kijiji. Jitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, saini kitabu cha wageni, na kwenye safu ya madhumuni andika ukweli: "Kujifunza historia ya kijiji." Dakika kumi hizo zinamlinda mwenyeji wako, kwa sababu kesho hataulizwa mgeni wake alikuwa nani na alifuata nini. Mwanafunzi aje na barua ya chuo. Mtafiti wa kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kabla hajauliza swali la kwanza.

Kwa mzee, salimu kwa shikamoo, na wakiwa wengi ongeza "Mbukwenyi". Utaona nyuso zikifunguka. Mwite babu au bibi kama umri wake ni huo. Kaa pale unapoonyeshwa, pokea maji au uji unaoletwa, na usitoe daftari kabla hujaulizwa habari za kwenu. Mzee anataka kujua wewe ni wa nani. Akishajua, atakupa yake.

Nini cha kutazama Hombolo

Anza na bwawa. Mto uliozuiwa ni Kinyasungwe Ndogo, ambao maji yake huteremka hadi mto Wami na baharini. Simama kwenye tuta na mzee aliyekuwapo kabla ya 1957, na umuulize yaliyo chini ya maji. Mashamba ya nani yalizama? Makaburi je? Kabla ya bwawa ng'ombe walinyweshwa wapi wakati wa kiangazi? Kisha muulize kuhusu tope. Bwawa hili, kama mabwawa mengi ya nyanda kavu, linajaa udongo unaosombwa na mvua kutoka kwenye milima iliyokatwa miti na mashamba yasiyo na makinga maji. Mzee anaweza kukuonyesha kwa fimbo maji yalikuwa yanaishia wapi zamani. Ushuhuda huo una thamani kwa mhandisi wa maji kama ulivyo kwa mwanahistoria. Ila usiingize miguu majini, wala usiwaache watoto wacheze humo. Vimelea vya kichocho huishi katika maji yaliyotuama.

Pili, tazama nafaka. Hombolo kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ambako mtama na uwele vimefanyiwa kazi kwa miaka mingi. Lakini akina mama wa kijijini nao wana historia ya mbegu zao. Omba kuonyeshwa jiwe la kusagia. Angalia lilivyolika katikati na kuacha bonde laini, na jiwe dogo la mkononi lilivyopungua upande mmoja. Muulize bibi: lilitoka kilima gani, alilileta nani, ulipewa na mama mkwe au ulikuja nalo? Mashine ya kusaga ya kwanza ilifika mwaka gani, na ni ya nani? Kutoka jiwe moja utapata habari za ndoa, za njaa, za kazi ya wanawake na za biashara.

Tatu, tafuta muziki. Ugogo ni nchi ya marimba ya vidole, ya zeze, na ya ngoma za muheme zinazopigwa na wanawake. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliutoa muziki huu Chamwino akaufikisha Bagamoyo na majukwaa ya dunia. Chamwino si mbali na Hombolo, na ndipo lilipo Tamasha la Muziki wa Cigogo. Ukikuta marimba ukutani kwa mzee, usiichukue mwenyewe. Muombe aipige, kisha umuulize nani alimfundisha.

Nne, kuna habari zinazotaka ulimi wa taratibu. Hombolo palikuwa na kituo cha wagonjwa wa ukoma kilichohudumiwa na kanisa. Waliotibiwa huko wana majina, watoto na wajukuu. Usiulize nani alikuwa mgonjwa, wala usipige picha ya mikono ya mtu. Uliza kituo kilivyoanza, watu walitoka mikoa gani, waliishije na wenyeji. Anayetaka kusema habari zake mwenyewe atasema bila kusukumwa.

Namna ya kuuliza na kusikiliza

Kila unapoonyeshwa kitu, kuwa na maswali matano tayari: kimetengenezwa na nani, kwa mali gani, kilitumika kwa kazi gani, kilipita mikono ya nani hadi kufika hapa, na kwa nini kiliachwa kutumika. Swali la tano ndilo linalofungua mlango. Kilindo cha gome kiliachwa kwa sababu magunia yalifika, au kwa sababu miti ya gome lile imekwisha? Majibu hayo mawili ni historia mbili tofauti.

Usiulize swali lenye jibu ndani yake. "Operesheni ilikuwa ya lazima, sivyo?" humfanya mzee akubali ili asikuudhi. Sema: "Siku mliyohama, mlibeba nini?" Atakueleza mlango uliong'olewa, kuku waliofungwa miguu na ghala lililobaki nyuma. Baada ya hapo utajua mwenyewe kama ilikuwa ya lazima.

Wazee wawili wakipingana, usiwapatanishe wala usichague anayependeza. Andika vyote viwili na majina ya waliosema, kama wamekubali kutajwa. Huenda mmoja alikaa sehemu iitwayo Hombolo Makulu na mwingine akawa na familia iliyohamia kwa ajili ya bwawa. Tofauti yao ni sehemu ya historia.

Picha, sauti na vitu vya heshima

Omba ruhusa mara mbili: moja ya kurekodi, nyingine ya kusambaza. Mtu anaweza kukubali umsikilize tena nyumbani lakini asitake sauti yake ifike mitandaoni. Rekodi iwe fupi, na mwanzoni taja jina la anayesema, mahali na tarehe. Bila hayo, baada ya miaka mitano hakuna atakayejua sauti ni ya nani.

Katika jadi ya Wagogo mtemi alikuwa na dhamana ya mvua na rutuba ya nchi, na vifaa vya kazi hiyo, yakiwemo mawe ya mvua, havikuwa vya kushikwashikwa. Ukiambiwa hiki hakipigwi picha, weka simu mfukoni. Usidai sababu.

Na usinunue kitu chochote cha zamani kutoka kwa mtunzaji au jirani yake, hata kama anakiuza kwa hiari kwa sababu ya shida. Kigoda kikishaingia kwenye buti la gari la mgeni, kijiji kimepoteza kigoda na habari zake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti usafirishaji wa vitu vya kale nje ya nchi. Ukitaka zawadi, nunua iliyotengenezwa leo: kikapu, chungu, au zabibu.

Fedha na shukrani

Usiseme "hawakutaja bei, basi ni bure." Tenga mafungu mawili. La kwanza ni asante ya mzee aliyekupa saa zake: sukari, sabuni, unga, au fedha mkononi kwa heshima. La pili ni mchango wa makumbusho au kikundi, ambao utoe mbele ya watu wawili na uombe uandikwe kwenye daftari. Ukichanganya mafungu hayo, utamwacha mzee mwaminifu akishukiwa.

Uliza pia wanachohitaji. Mara nyingi ni vitu vidogo: daftari la jalada gumu la kuorodhesha vitu, penseli za kuandikia lebo kwa kuwa wino hufifia, mbao za rafu ili vitu visikae chini na kuliwa na mchwa, sanduku la bati la kuhifadhia karatasi. Usijitolee kupaka vanishi mkuki au kuosha kibuyu kwa sabuni ili king'ae. Masizi na mafuta ya mikono yaliyomo ni ushahidi wa matumizi.

Ukiwa na wanafunzi, wagawe katika makundi ya wanne au watano, kila kundi na mzee wake na kitu kimoja. Darasa zima likimzunguka bibi mmoja, wa mbele husikia na wa nyuma hucheza. Wanafunzi wa Chuo cha Serikali za Mitaa, kilichopo hapo hapo Hombolo, wana nafasi ya pekee: watakuwa watumishi wa kata na vijiji nchi nzima, na kuorodhesha kumbukumbu za wazee ni mazoezi ya kazi yao.

Baada ya safari

Hapa ndipo wageni wengi huangusha wenyeji. Wanaahidi kutuma picha, kisha wanapotea. Ndani ya mwezi mmoja chapisha picha kwenye karatasi, andika nyuma majina na tarehe, uzipeleke. Mzee asiye na simu ya kisasa hawezi kufungua kiungo ulichomtumia mjukuu wake. Mazungumzo yaandike upya kwa mpangilio, toa nakala tatu: moja kwa mzee mwenyewe, moja kwa makumbusho au shule, moja kwa ofisi ya kata. Msomee mzee ulichoandika, hata kwa simu, akusahihishe. Kama alitumia maneno ya Kigogo, yaache kama alivyoyasema kisha fafanua pembeni.

Nakala hizo tatu zina uzito kuliko mchango wa fedha. Fedha zitanunua rafu, na rafu ni muhimu. Lakini mtunzaji wa kujitolea akifariki, rafu yenye vitu visivyo na maelezo hugeuka kuni kwa familia isiyojua ilichoachiwa. Daftari lililoandikwa vizuri humpa mrithi wake pa kuanzia.

Watoto waliochunga mbuzi Hombolo wakati bwawa linajengwa mwaka 1957 sasa wamepita miaka 70, na hawatapiga hodi kwako kukuhadithia. Msomaji, weka tarehe ya kiangazi kijacho, tafuta namba mbili za simu, andaa karatasi yako ya miaka, na uende. Ukirudi, peleka nakala.